Viti vya Harusi, Uji wa Watoto: Shajara ya Mradi wa Jumuiya Yetu, Makorora

Januari 2025

Mwaka umetukuta na stoo ya vitu vya kukodisha: viti vya plastiki 250, maturubai manne, masufuria makubwa ya pilau na madumu ya maji. Vyote ni vyetu, vimelipiwa nusu kwa akiba ya jumuiya na nusu kwa michango ya wanachama. Hatukukopa. Wapo waliotaka tukope ili tuanze na viti 500, tukakataa, kwa sababu mkopo unadai kila mwezi na harusi haziji kila mwezi.

Kwa asiyetujua: tuko Makorora, Tanga mjini, na kazi zetu ni mbili. Kuna kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, cha akina mama wanaotoka alfajiri kwenda kununua samaki soko la Deep Sea au kuwasha majiko ya mama lishe, na hawana wa kumwachia mtoto. Halafu kuna wazee wanaoishi peke yao. Tunawapelekea unga, tunawalipia maji, na mwenye siku ya kliniki tunamfikisha hospitali ya Bombo. Mfadhili aliyekuwa akitubeba amemaliza muda wake Desemba. Ametuaga vizuri, kwa barua ya heshima. Barua haichemshi uji.

Na tusimsingizie. Hata alipokuwepo, kuna mambo hayakuwahi kuwa na fungu. Mlinzi wa usiku hakuwemo kwenye bajeti ya mradi. Umeme wa LUKU ulikuwemo miezi sita, wa mwezi wa saba tukajichangisha. Choo cha watoto kilipoziba tuliandika barua ya kuomba kuhamisha fedha kutoka fungu la semina, na jibu lilikuja choo kikiwa kimeshazibuliwa kwa deni. Pesa za mfadhili zinakuja zimeshapangiwa kazi. Tulichokosa miaka yote ni pesa isiyo na bosi.

Kwa nini viti? Mkutano mkuu ulipokea mapendekezo mengi: kuku wa mayai, saluni, sabuni ya mwani, duka la vitenge. Kuku waliangushwa na bei ya chakula chao. Sabuni ya mwani ilikuwa na wapenzi wengi, inanukia vizuri na mwani unalimwa hapo Mkinga, lakini nani Makorora atainunua kila wiki kwa bei inayozidi mche wa kawaida mara kadhaa? Angeinunua mgeni, kwa kutuonea huruma, mara moja. Biashara ya kulisha huduma inatakiwa iuze kitu ambacho jirani atakilipia hata kama yeye hatupendi sisi. Na mtu wa Tanga, awe na hela asiwe nazo, shughuli atafanya: harusi, maulidi, hitma, arobaini, kumtoa mtoto, kikao cha familia kinachoishia kwenye pilau.

Kuna mashirika yameunganisha biashara na huduma zikawa kitu kimoja. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa 2003 chini ya Kanisa Anglikana, inaajiri watu wenye ulemavu katika karakana, mgahawa na nyumba ya wageni. Pale ajira yenyewe ndiyo huduma, kwa hiyo hata mwaka wa faida ndogo kuna watu wamepata kazi na heshima. Sisi si hivyo. Kiti cha plastiki hakimsaidii mtoto yeyote mpaka kimelipiwa. Nimeliandika hili mapema kwa sababu najua litasahaulika.

Pamoja na viti kuna fremu mbili zinazotazama barabarani. Moja ina fundi wa baiskeli, nyingine ina saluni ya kike. Kilemba, ile pesa ya kuingilia fremu, hatukuchukua. Kodi wanalipa ya miezi sita.

Februari, Shaaban

Hatujalala. Mwezi wa kuvunja jungu huwa ni mwezi wa kuozesha pia, kila mwenye binti aliyeposwa anataka amalize kabla ya mfungo. Jumamosi moja tulikuwa na shughuli nne: harusi Mabawa, kisomo Msambweni, kumfunda bi harusi Duga, na nyingine ya hapa hapa nyuma ya msikiti. Viti vilitoka kwa kirikuu asubuhi, vikarudi kwa guta usiku, maana mwenye kirikuu kufika saa nne usiku anadai bei ya harusi na yeye.

Kijana wetu wa stoo ana namna yake ya kuhesabu. Anapanga mnara wa viti kumi, anakipiga kofi kiti cha juu, anachora mstari kwenye daftari la kaunta. Usiku ule mnara mmoja wa kutoka Msambweni ulikuwa na kitu kimegoma kuingia, akauinua juu juu: katikati ya viti vya bluu kuna kimoja cheupe. Akakigeuza. Chini ya chetu kuna alama ya rangi ya njano tuliyopaka wenyewe kwa brashi, chini ya kile kulikuwa na herufi ya msikiti wa mtaa wa pili. Maana yake chetu kimoja kimekaa msikitini kinamsubiri Ijumaa. Kingine mkono wake ulikuwa na hina, alama za vidole vinne kamili, hazitoki kwa sabuni ya unga wala kwa majivu. Kimebaki hivyo, na wateja wameanza kukiomba kwa ajili ya bi harusi.

Sasa hesabu yenyewe. Kiti kipya tumenunua kwa 15,000. Tunakikodisha 400 kwa siku. Kwa hiyo lazima kitoke mara 38 ndipo kirudishe bei yake, kabla hujamlipa mwenye kirikuu wala kijana wa stoo. Anayeona minara ya viti inatoka mlangoni Jumamosi anadhani tumeshatajirika. Mhasibu wetu, mstaafu wa benki, ametuwekea sharti: katika kila 400, shilingi 100 inakwenda laini ya simu peke yake, namba ya siri anayo yeye na mweka hazina, kila mmoja nusu. Ndiyo mfuko wa uchakavu. Kiti kikitoka mara 150 kabla hakijafa, mia zake zimemnunua mwenzake. Kisipotunzwa kikafa mapema, mfuko utatuambia.

Mama Mwenyekiti aliuliza kwa nini tusitumie hizo mia kwa uji sasa hivi, watoto wapo na njaa ipo. Mhasibu akamjibu, "Mama, ukila mia leo, mwakani hutakuwa na mia nne."

Machi, Ramadhani

Kimya. Stoo imejaa, daftari halina mstari. Kodi ya fremu ililipwa Januari na imeshapangiwa. Mlezi wa watoto, hata hivyo, mshahara wake hautazami mwandamo wa mwezi. Hapa ndipo biashara ya msimu inapomuumiza asiyejipanga, na sisi ziada ya Shaaban ilitubeba kwa kubana pumzi. Tumekubaliana sasa: ziada haihamishwi kwenda kwenye huduma mpaka akiba ya biashara ifikie mishahara ya miezi mitatu. Hilo limewaudhi watu wa kituo. Wanasema biashara inajiwekea akiba na kituo kinahesabu vijiko vya sukari. Wana haki ya kuudhika, na sharti limebaki.

Kwa kuwa kuna nafasi, nimepitia upande wa sheria na kaka mmoja anayefanya kazi za kodi. Watu wengi hapa mtaani wanaamini jumuiya isiyo ya faida hairuhusiwi kupata faida. Si kweli. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 inaruhusu shirika kutafuta fedha kwa njia halali. Kinachokatazwa ni wanachama kugawana. Pesa ikiingia, iende kwenye lengo. Mwenyekiti, katibu au mweka hazina hawezi kupata gawio la viti mwisho wa mwaka, hata kama alivibeba kichwani.

Kodi ni habari nyingine. Kuwa jumuiya si kusamehewa. Biashara ya taasisi inatozwa asilimia 30 ya faida kama kampuni, isipokuwa Kamishna wa Mamlaka ya Mapato (TRA) ameitambua taasisi hiyo kuwa ya hisani kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Ukitambuliwa, kabla ya kupiga kodi unaondoa kile ulichokitumia kwenye kazi ya hisani yenyewe, na juu yake asilimia 25 ya mapato ya biashara. Kwa mradi wa ukubwa wetu, unaopeleka karibu ziada yote kwenye huduma, tofauti ni kubwa sana. Lakini kutambuliwa hakuji kwa kusema sisi ni watu wema. Kunataka katiba inayosema mali itakwenda wapi jumuiya ikivunjwa, hesabu zilizokaguliwa, na maelezo ya kila kazi. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) haituhusu kwa sasa, maana kiwango cha kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Viti vyetu vitazeeka kabla ya kufika huko.

Maombi ya kutambuliwa tumeanza kuyaandaa. Karatasi inayokosekana ni muhtasari wa mkutano mkuu wenye sahihi, na mwenye daftari amekwenda Pangani kufuturu na mama yake.

Aprili, Mfunguo Mosi

Harusi zimerudi, na zimerudi na jambo tulilolijua litakuja.

Usiku mmoja kulitokea msiba nyumba ya tatu kutoka ofisini. Watu wakaja kuchukua viti. Kijana wa stoo akafuata karatasi aliyobandikiwa mlangoni: pesa kwanza. Hakukosea, karatasi tuliiandika sisi. Wakaondoka bila kusema neno, wakaazima mikeka na mabenchi ya madrasa. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa na kauli moja: "Viti vya jumuiya, maiti wa jumuiya, leo mnatuuzia?"

Nani anaweza kulijibu hilo akiwa amesimama kwenye msiba? Tulikwenda kuzika, tukatoa ubani, tukanyamaza. Kikao kikaitwa baada ya siku tatu.

Mama Mwenyekiti alitaka misiba yote iwe bure, viti vyote, siku zote za matanga. Hoja yake ilikuwa nzito: michango iliyonunua nusu ya viti ilitoka kwa hawa hawa. Mhasibu akapinga akiwa na takwimu zake mkononi. Matanga ya siku tatu, viti mia, ni shilingi 120,000 ambazo hazikuingia, na Jumamosi yenye msiba na harusi kwa pamoja utampa nani? Ukimpa mfiwa, mwenye harusi anakwenda kwingine na hatarudi. Wakabishana kama mashabiki wa Coastal na African Sports, kila mmoja anajua mwenzake anachosema na hataki kukisikia.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja ambaye huwa anakuja kikaoni kwa ajili ya kahawa. Akasema hii mali yenu naiona kama minazi ya msikiti. Kila mtu akageuka, kwa sababu hiyo wote tunaijua. Pwani yote hii kulikuwa na mashamba na nyumba za wakfu, na Zanzibar bado ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inayozisimamia. Mnazi wa wakfu hauliwi na kila anayeswali. Nazi zinauzwa sokoni kwa bei ya sokoni, pesa inanunua mafuta ya taa, inalipa maji, inamlipa mwalimu wa chuo. Ukipita na kiu ukataka dafu, ulipe kama wengine.

Bi mmoja akamuuliza, "Na maiti akiwa masikini, babu?"

"Maiti masikini anazikwa na msikiti. Hazikwi na mnazi."

Kutoka hapo utaratibu ulijiandika wenyewe. Msiba wa kaya ya mtaa wetu utapata viti 50 na turubai moja kwa siku tatu, bila kuombwa senti, usiku wowote. Lakini biashara haitoi sadaka. Inaandika ankara kama kawaida, kwa bei kamili, na ankara inakwenda kwenye daftari la huduma. Huduma inailipa biashara kutoka kwenye fungu jipya tuliloliita fungu la misiba. Anayetaka zaidi ya 50 analipia ziada. Hitma na arobaini zinalipiwa, maana hizo zina tarehe na watu wanajipanga.

Wapo waliocheka: pesa inatoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, kuna maana gani? Nilikuwa miongoni mwa wanaotabasamu mpaka niliposikia mhasibu akieleza. Bila ankara, mwisho wa mwaka biashara itaonekana dhaifu, tutamlaumu kijana wa stoo, tutapandisha bei ya harusi bila kujua tatizo liko wapi. Na jumuiya itakuwa imezika watu wake kwa heshima mwaka mzima, na hakuna mahali palipoandikwa. Mfadhili akija kesho akauliza mnafanya nini, msiba hautakuwemo. Sasa utakuwemo, na bei yake.

Tofauti yetu na wakfu niliisema palepale na narudia hapa. Mnazi unazaa miaka sitini, na wakfu hauuzwi. Kiti kinapasuka mguu. Mali yetu inakufa na lazima inunuliwe tena, kwa hiyo zile shilingi mia za uchakavu ndizo zinazotufanya tuwe na kitu cha kuitwa mali.

Karatasi ya mlangoni imebadilishwa. Kijana wa stoo ameandika mwenyewe, kwa kalamu nene, MSIBA CHUKUA, WEKA SAHIHI.

Mei

Masika. Turubai moja lilikunjwa likiwa bichi, likaota ukungu, sasa linanuka hata likiwa limeanikwa. Tumelihamishia kituoni, linakinga jua kwenye uwanja wa watoto, ambao hawana habari na harufu. Fundi wa baiskeli ameomba fremu iongezwe kibaraza kwa ajili ya mvua, tumemruhusu ajenge na gharama ikatwe kwenye kodi. Mengine hakuna.

Juni

Hesabu za nusu mwaka, zimesomwa mbele ya wanachama chini ya lile turubai.

Ziada ya viti na kodi za fremu, baada ya uchakavu na akiba, imebeba kama theluthi moja ya gharama za huduma. Iliyobaki ni ada ndogo ya wazazi, michango ya wanachama na sadaka za Ramadhani. Theluthi. Nilitegemea minong'ono, na ilikuwepo. Watu walidhani viti vitabeba kila kitu.

Tulipiga hesabu ya wazi ubaoni. Kubeba yote kungetaka viti mara tatu, stoo nyingine, gari letu, vijana wanne, na shughuli za kutosha kila wiki ambazo Makorora peke yake haina. Tungekuwa wakodishaji wa viti wenye watoto wachache kwenye kona. Binafsi sitaki kufika huko. Nakijua kikao cha namna hiyo: dakika hamsini za matairi na dakika tano za watoto.

Theluthi hiyo, hata hivyo, tazama imefanya nini. Imemlipa mlinzi miezi sita mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea. LUKU haikukatika. Choo kimejengewa shimo jipya. Na kuna bibi wa Barabara ya 12 aliyeamka na kifua kinabana siku ya Alhamisi. Binti wa jirani akapiga simu, bajaji ikatumwa, bibi akafika Bombo kabla ya saa tatu. Nauli yake ilikuwa ndogo, lakini zamani ingehitaji fomu, sahihi mbili na Jumatatu. Anayeitazama theluthi kwa ukubwa wake ataidharau. Ni hiyo tu isiyomsubiri mtu akubali.

Wazazi wawili wakauliza kama ada ya kituo itashuka. Mama Mwenyekiti akawajibu kwa upole kwamba wasioweza hawalipi tayari, na anayelipa anasaidia. Kituo kina usajili wa Ustawi wa Jamii, na usajili unataka walezi wenye mafunzo, vyoo, nafasi ya kutosha. Hivyo vyote ni pesa. Mmoja aliridhika. Mwingine alisema atafikiria, na kesho yake mtoto alikuja kama kawaida.

Agosti

Jambo la mwezi huu limenigusa kuliko la msiba, kwa sababu safari hii mlalamikaji ana haki zaidi yetu.

Kuna kikundi cha vijana upande wa Mikanjuni kinakodisha viti na spika. Kiongozi wao alikuja ofisini, akaamkia wazee, akakaa, akasema alichokuja nacho. Viti vyao ni 450 kwa siku, vyetu ni 400. Wateja wanahama. Wao walichukua mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Mkopo hauna riba, lakini una marejesho. "Nyinyi hamna deni," akasema, "na stoo ni yenu, hamlipi kodi ya pango. Mnatuua kwa sadaka."

Tulimwambia tutamjibu. Usiku huo nilimkumbuka kaka wa kodi na kisa alichonisimulia Machi, ambacho wakati ule nilikiona cha kuchekesha tu. Mwaka 1947 huko Marekani, kiwanda cha tambi cha C.F. Mueller kilinunuliwa kwa manufaa ya kitivo cha sheria cha New York University. Faida ya tambi ikasomeshe wanasheria. Na kwa kuwa chuo hakilipi kodi, kiwanda nacho kikadai kisilipe. Watengeneza tambi wengine wakaja juu: huyu anauza tambi kama sisi, katika duka lile lile, sisi tunatozwa yeye hatozwi, tutashindana naye vipi? Kelele zikafika bungeni, na mwaka 1950 Marekani ikatunga sheria kwamba taasisi ya hisani ikifanya biashara isiyohusiana na kazi yake, faida ya biashara hiyo itozwe kodi. Sheria hiyo ipo mpaka leo.

Basi yule kijana wa Mikanjuni ni mtengeneza tambi, na sisi ndio chuo.

Kikao kilikuwa kifupi kuliko nilivyotegemea. Bei yetu inapanda kufikia 450 kuanzia Septemba. Faida yetu ya kutokuwa na deni na pango tutaitumia ndani, kwa uchakavu na akiba, hatutaitumia kumpiga jirani bei. Tukipata shughuli kubwa kuliko viti vyetu, tunachukua kwake kabla ya kwenda mbali, naye vilevile kwetu, kwa bei ya sisi kwa sisi, 350. Spika hatununui. Mwenzetu mmoja alinong'ona kwamba tunajinyima, mteja ni wa wote. Ni kweli tunajinyima. Kikundi kile kina vijana wanane wa kata jirani, na kikivunjika kikashindwa marejesho, mmoja wao atakuja kuomba msaada kwenye dirisha letu la huduma. Tungekuwa tumemfukarisha wenyewe.

Kuna shirika moja linatajwa sana katika mazungumzo haya, BRAC ya Bangladesh, lililoanza 1972 na sasa lina kazi hata hapa Tanzania tangu 2006. Mwaka 1978 walifungua maduka ya Aarong kuuza kazi za mikono za wanawake wa vijijini, na biashara zao zimekua mpaka kubeba sehemu kubwa ya huduma zao. Watu wakilisikia hilo macho yanawaka. Mimi naliona somo jingine: Aarong ilikwenda kuwatafutia mafundi soko ambalo hawakuwa nalo. Haikumnyang'anya jirani aliyekuwa nalo.

Septemba

Maulidi ya Mfunguo Sita na kampeni za uchaguzi zimekutana. Viti havipoi. Kwa kampeni tumeweka masharti matatu na hayabishaniwi: chama chochote, bei ile ile, pesa kabla kiti hakijatoka mlangoni. Kirikuu tunachokodi hakiendi mkutanoni, wanachukua wenyewe. Shirika letu haliruhusiwi kuwa la chama, na hata lingeruhusiwa, wazee tunaowapelekea unga wana kofia za rangi zote.

Wiki ya kwanza tulikosa viti 120 kwa maulidi ya Donge, vijana wa Mikanjuni wakavileta kabla ya alasiri. Wiki ya pili wao walikosa turubai. Daftari lina ukurasa wa deni la pande mbili sasa, na mwisho wa mwezi tulidaiana shilingi 6,000 tu, wakaziacha.

Fungu la misiba tangu Aprili limelipa ankara za misiba saba. Mhasibu amependekeza liongezwe, na ameomba liingizwe kwenye barua ya kutambuliwa kwa TRA kama kazi ya hisani inayojitegemea, maana ankara zipo, sahihi za wafiwa zipo. Hilo hakuna aliyelifikiria Aprili.

Mama mmoja wa Deep Sea ameleta wazo la majokofu ya barafu kwa wauza samaki. Umeme unatisha, lakini wanunuzi wapo kila siku, hata Ramadhani. Kamati imempa mhasibu na kijana wa stoo wakae Deep Sea asubuhi kadhaa wahesabu barafu inayonunuliwa, kwa bei gani, na nani anaiuza sasa hivi. Hilo la mwisho limepigiwa mstari. Muhtasari wa mkutano mkuu umepatikana. Una sahihi zote isipokuwa ya mweka hazina, ataweka Ijumaa.